Ajali Haina Kinga? Habari za Mafunzo ya Uokoaji katika Ziwa Victoria

Wahenga wetu wametuachia methali isemayo kwamba ajali haina kinga. Methali hii hutamkwa matangani, hutamkwa bandarini, na hutamkwa hata katika hotuba za wakuu siku taifa linapozika watu wengi kwa mara moja. Ni neno la faraja, wala si vema kumnyang'anya mfiwa faraja yake. Lakini neno lililo jema kwa kumliwaza mfiwa si lazima liwe jema kwa kumwongoza mtawala, nahodha au mwalimu. Wahenga hao hao walisema pia kwamba tahadhari ni kabla ya hatari, na kwamba asiyeziba ufa atajenga ukuta. Basi methali zagongana, na atakaye kujua ifuatwe ipi hana budi kuiuliza historia. Katika insha hii nimekusudia kuiuliza kwa kufuata habari za ajali tatu za Ziwa Victoria, za miaka 1996, 2018 na 2022, ili tuone watu wa Tanzania wamejifunza nini juu ya kukabili maafa, ni nani aliyefundishwa, na ni nani ambaye mafunzo hayajamfikia.

Yafaa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya. Hatari ni kitu kimoja, na maafa ni kitu kingine. Upepo mkali, mafuriko na tetemeko la ardhi ni hatari; hugeuka kuwa maafa pale tu zinapowakuta watu walio dhaifu au wasiojiweka tayari. Tufani ivumayo katika bahari tupu haiandikwi katika hesabu ya misiba. Tufani iliyokipiga kisiwa cha Unguja mwezi wa Aprili 1872 ilivunja merikebu bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu, lakini Pemba ilisalimika. Upepo huo ulikuwa kazi ya maumbile; ila hasara ilizidi kwa kuwa wakati ule mikarafuu mingi ilikuwa imesimama katika kisiwa kimoja, na jambo hilo lilikuwa kazi ya wanadamu. Baadaye kilimo cha karafuu kilistawi zaidi Pemba. Hivyo nchi ilijifunza, lakini ilijifunza kwa jinsi ya zamani, yaani baada ya kupigwa.

Elimu ya kujifunza kabla ya kupigwa ni changa duniani. Mji wa Halifax, Kanada, uliteketea tarehe 6 Desemba 1917 kwa mlipuko wa meli iliyopakia baruti, na watu wapatao 2,000 wakafa. Samuel Henry Prince, kasisi aliyeishi katika mji huo, aliandika juu ya mkasa huo utafiti uliotolewa mwaka 1920, na wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa tafiti za kwanza za kitaalamu kuhusu tabia ya jamii wakati wa maafa. Lakini ilipita miaka sabini kabla Umoja wa Mataifa haujaitangaza miaka ya 1990 hadi 1999 kuwa muongo wa kupunguza maafa ya maumbile. Mwaka ule ule wa 1990 Tanzania ilitunga sheria yake ya kwanza ya aina hii. Jina la sheria hiyo lina mafundisho: ilikuwa sheria ya uratibu wa misaada ya maafa. Mkazo wake ulikuwa katika msaada, na msaada ni kitu kifikacho nyuma ya msiba. Mahema, unga na mablanketi vilipata kamati. Lakini nchi haikuwa bado na kikosi kilichozoezwa kuingia ndani ya chombo kilichopinduka. Miaka sita baadaye pengo hilo lilionekana.

Asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba kwenda Mwanza, ilipinduka ikiwa imekaribia kufika. Ilikuwa imeundwa kuchukua abiria 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilionyesha watu 443, na wale wa daraja la tatu, waliokuwa wengi, hawakuwa na orodha. Kwa sababu hiyo hesabu kamili ya waliokufa haikupatikana. Wengi huikadiria kuwa kati ya 800 na 1,000. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Tukumbuke jambo hili la orodha, maana aliyesafiri bila jina lake kuandikwa alizama mara mbili: mara ya kwanza majini, na mara ya pili katika hesabu ya taifa.

Lakini linalohusu mada yetu zaidi ni lile lililotokea baada ya meli kupinduka. Haikuzama papo hapo. Ilielea kifudifudi, na ndani yake walikuwamo watu hai, waliovuta hewa iliyonaswa pamoja nao. Waokoaji walitoboa tundu katika sehemu ya chini ya meli, ambayo sasa ilitazama mbinguni, kwa nia ya kuwatoa. Hewa ikatoka, maji yakachukua nafasi yake, na meli ikazama pamoja na waliokuwamo. Mtoto aliyecheza na kikombe katika beseni aweza kutueleza sababu. Kikombe kikifudikizwa majini huelea kwa nguvu ya hewa iliyomo. Kikitobolewa kitako, hewa hukimbia na kikombe huenda chini. Meli iliyopinduka haina tofauti na kikombe hicho, ila kwa ukubwa wake na kwa thamani ya kilichomo.

Si haki kuwalaumu kwa ukali watu waliolishika lile tundu kama tumaini. Walisikia wenzao wakiwa hai chini ya chuma, na kukaa bure kungalikuwa ukatili. Walikuwa na ushujaa na huruma. Walichokosa ni maarifa, na maarifa hayatungwi juu ya mgongo wa meli inayozama. Yalipaswa kuwa yamepatikana miaka kabla yake, darasani na katika mazoezi. Nchi haikuwa na wazamiaji wa kutosha kwa kazi kubwa namna ile, hata wazamiaji wa jeshi la majini la Afrika Kusini wakaja kusaidia kuitoa miili. Hapa methali yetu inapata jibu lake la kwanza. Huenda kupinduka kwa meli moja kusiwe na kinga, lakini kifo cha mtu aliyekuwa hai baada ya meli kupinduka ni jambo jingine, na hilo lilikuwa na kinga.

Baada ya hapo mambo mengi yalibadilika, ijapokuwa kwa mwendo wa pole. Mwaka 2007 ilitungwa sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na neno uokoaji likapata nafasi kando ya zimamoto, kama ishara kwamba kazi ya jeshi hilo si moto peke yake. Chuo cha jeshi hilo kiko Chogo, wilayani Handeni. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kikawa mahali pa kusomea usimamizi wa maafa hadi shahada ya uzamili. Sheria ya 1990 nayo ilifuatwa na sheria mpya ya mwaka 2015, na kisha na nyingine ya mwaka 2022. Na katika majina ya sheria hizi mbili neno misaada limeondoka, likaja neno usimamizi. Mabadiliko hayo ni ya fikira, si ya wino tu. Msimamizi wa maafa haanzi kazi siku ya msiba. Huchora ramani ya hatari. Hukagua vyombo na majengo. Hupanga njia ya onyo, kutoka kwa mwenye habari hata kwa mtu wa mwisho kijijini. Huamua mapema nani atatoa amri, ili wakuu watano wasigombanie msiba mmoja. Huwafundisha wauguzi kuwachambua majeruhi, ili aanze kutibiwa yule ambaye msaada wa haraka utamwokoa. Na huyarudia mazoezi mpaka yawe kama mazoea ya mwili.

Tarehe 20 Septemba 2018 ziwa liliuliza maswali yale yale. Kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilitoka Bugolora katika kisiwa cha Ukerewe siku ya gulio, kikapinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Waliokufa walizidi 220, na waliookolewa walikuwa 41. Uokoaji ulisimamishwa usiku kwa ajili ya giza. Rais John Magufuli alilitangazia taifa kwamba nahodha alikuwa amemwachia usukani mtu asiyekuwa na mafunzo. Siku ya tatu, wazamiaji walioingia ndani ya kivuko walimkuta fundi wa mitambo angali hai, akiwa amejihifadhi mahali palipobaki hewa. Habari yake yafaa kusomwa pamoja na ile ya mwaka 1996. Safari hii hewa haikutolewa kwa tundu. Ilifuatwa na wazamiaji huko huko ilikokuwa, na mtu mmoja akaishi. Mmoja ni idadi ndogo mbele ya mia mbili na ishirini, lakini yatosha kuthibitisha kwamba elimu huokoa. Na wale wengine wathibitisha kwamba elimu ya mzamiaji haiwezi kulipa deni la mpimaji wa mizigo, la mkata tiketi, na la aliyeshika usukani.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Walionusurika ni 24, waliokufa 19. Wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Walikwenda kwa mitumbwi na makasia, wakawapokea abiria kwenye mlango wa nyuma, na watu wa pwani ya ziwa wakaivuta ndege kwa kamba. Mmoja wa wavuvi hao, kijana, aliumia alipojaribu kuwafikia marubani. Serikali ilimtunza, ikaagiza apokewe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ili apate mafunzo.

Tendo hilo la Serikali lilikuwa jema, tena lilikuwa na maana zaidi ya zawadi. Lilikiri kwamba mtu wa kwanza kufika hakuwa amefundishwa, na kwamba anastahili kufundishwa. Lakini tulitazame kwa makini. Kijana mmoja aliondolewa katika mtumbwi akafanywa askari. Wenzake kwa maelfu wakabaki katika mitumbwi yao kama walivyokuwa. Ajali nyingine ikitokea, askari huyo yawezekana atakuwa mbali kambini, na atakayefika kwanza atakuwa tena mvuvi. Katika ajali hizi zote ipo saa moja, kati ya kilio cha kwanza na kufika kwa mtaalamu, ambayo ni mali ya jirani. Wengi wanaookolewa huokolewa katika saa hiyo, na makosa makubwa hutendeka katika saa hiyo. Mafunzo yasiyoigusa ni nusu ya mafunzo.

Je, yawezekana kuwafundisha majirani wengi namna hiyo? Zipo nchi maskini zilizojaribu, na Bangladesh ni mfano ulio bora. Novemba 1970, ilipokuwa bado Pakistan ya Mashariki, tufani iliua watu wasiopungua 300,000 katika pwani yake. Baada ya uhuru, tangu mwaka 1972, Chama cha Msalaba Mwekundu na Serikali waliunda mpango wa kuwafundisha wanavijiji wenyewe. Kila kikundi kilipewa vipaza sauti, bendera na redio, kikazoezwa kupokea onyo, kulitangaza nyumba kwa nyumba, kuwaongoza watu kwenye majengo ya kujihifadhi, na kutoa huduma ya kwanza. Hawakufaulu mara moja: tufani ya 1991 iliua tena watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa wengi kupita wanaume. Kwa hiyo majengo yaliongezwa, na wanawake wakaingizwa zaidi katika vikundi. Tufani ya mwaka 2007 iliua watu wapatao 3,400. Leo wanaojitolea wamezidi 70,000, na nusu yao ni wanawake. Wataalamu wao hawakupungua heshima kwa kuwafundisha wavuvi. Bali utaalamu wao ulipata mikono na miguu.

Wako watakaosema kwamba mvuvi si mtaalamu, na kwamba kumpa elimu kidogo ni kumpa ujasiri wa kuharibu. Hoja hii ina uzito, nasi tumeona tundu moja lilivyoweza kuzamisha meli. Lakini tundu lile halikutobolewa kwa wingi wa elimu. Neno moja tu, kwamba chombo kilichopinduka kisitobolewe mpaka wazamiaji wafike, lingaliweza kuwahifadhi watu. Neno kama hilo halihitaji shahada. Lahitaji mwalimu wa kulifikisha Ukara, Kemondo na Nansio, na kulirudia kila mwaka. Wengine watasema gharama ni kubwa. Ni kweli kwamba boti, mitungi ya hewa na mafuta vyataka fedha. Ila orodha kamili ya abiria yataka karatasi na uaminifu, na zoezi la pwani lataka asubuhi moja.

Kwa hiyo sioni haja ya kuitupa methali ya wahenga. Naona haja ya kuiweka mahali pake. Ikae matangani, ambako kazi yake ni kufuta machozi, wala isipewe kiti katika ofisi ya bandari, wala katika darasa la uokoaji. Vyuo vyetu vinatoa wasimamizi wa maafa, na hilo ni jambo la kushukuru. Msimamizi huyo atahukumiwa kwa yale anayoyajua mvuvi wa gati lililo karibu naye, siku ambayo yeye mwenyewe bado yuko njiani.