Swali la gradienti nililokosa, reli ikanijibia

Leo tunaongea hesabu, na usikimbie, hii ni historia.

Nikiwa kidato cha pili niliulizwa: kati ya mstari wenye gradienti ya -1/2 na ule wa 1/50, upi una mteremko mkali zaidi? Nikaandika 1/50, maana hasi ni ndogo kuliko chanya. Kosa, wino mwekundu. Nikaenda chuo, nikaacha chuo, na bado sikuwa nimeelewa. Kumbe jibu liko kwa reli inayopita pale Malaba, si mbali na kwetu Nambale.

Reli ilianza Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899. Ukichukua wastani, hapo ni kupanda kama mita 1,660 kwa kilomita kama 530. Hiyo ni mita tatu hivi kwa kila kilomita, gradienti ya 0.003. Ukiwa ndani ya treni hata huisikii.

Halafu wakafika ukingo wa Bonde la Ufa, upande wa Kijabe. Ardhi inashuka ghafla tu. Reli ya kudumu ingechukua muda kujengwa, basi wahandisi wakaweka njia ya muda ya kushusha mabehewa kwa kamba za waya. Sehemu zake kali zaidi zilishuka moja kwa mbili: ukienda mbele mita mbili, umeshuka mita moja. Sasa chora grafu. x ni umbali kutoka Mombasa, y ni urefu juu ya bahari. Hiyo ndiyo -1/2 yangu, bana!

Hebu niambie nani angesema hapo ni tambarare kuliko 1/50 kwa sababu kuna alama ya hasi? Alama inakuambia tu kama unapanda au unashuka. Ukitaka kulinganisha ukali, toa alama, uangalie namba yenyewe. 1/2 ni mara 25 ya 1/50. Treni ya kawaida haiwezi hapo, chuma juu ya chuma kitateleza.

Dawa yake ni nini? Mlima huwezi kuupunguza, kwa hivyo unaongeza umbali. Tuseme unashuka mita 400. Kwa 1/2 unaenda mbele mita 800 tu. Kwa 1/50 unahitaji kilomita 20. Ndiyo maana reli ya kudumu inaambaa na ukingo polepole badala ya kushuka moja kwa moja.

Na hizo kilomita hazikujichimba. Wafanyakazi karibu 32,000 waliletwa kutoka India kujenga hii reli, na karibu 2,500 walikufa. Ile namba ya chini kwa sehemu, ile tuliambiwa tu "badiliko la x", kuna watu waliilipia na maisha yao.

Reli ilifika Kisumu 1901. Tawi letu lilikuja baadaye: linapita Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, linashuka hadi Malaba iliyo kama 1,200, na likafika Kampala 1931. Mimi nimekua nikisikia honi yake na hakuna mtu aliwahi kuniambia hiyo ni gradienti inapita.

Wewe ni hesabu gani ulifunzwa bila stori yake? Niachie hapo chini.