Elimu ya Kupambanua Sauti za Mbinguni

Wanafalaki wa zama zote walizoea kulalamikia uchache wa wanachokitafuta, na hata wimbi la kwanza la mvutano, aliloliagua Einstein mwaka 1916 na mitambo ya LIGO ya Marekani ikalinasa tarehe 14 Septemba 2015, lilikuja peke yake, likapita kwa muda usiotimia sekunde moja. Taabu ya LISA, msafara wa vyombo vitatu vya kuyasikiliza mawimbi ya namna hiyo, ambao Shirika la Anga la Ulaya liliuidhinisha Januari 2024, ni kinyume cha hiyo, nayo ni wingi: vyombo hivyo, vitakavyolizunguka jua nyuma ya dunia, vikiachana kilomita milioni 2.5 na kuunganishwa kwa miali ya leza, vitazisikia kwa pamoja jozi za nyota kibete nyeupe za galaksi yetu, ambazo ni mamilioni kwa mamilioni, wala hazinyamazi usiku na mchana.

Elimu ya kuzipambanua imekitangulia chombo chenyewe. Mwaka 2003 Neil Cornish na Shane Larson waliazima njia ambayo Jan Högbom aliitangaza mwaka 1974 kwa ajili ya kusafisha picha za darubini za redio: tafuta sauti iliyozidi zote, ipunguze kidogo tu, andika daftarini ulichokipunguza, kisha rudia, hata kilichobaki kiwe uvumi mtupu. Njia hiyo ni ya kiungwana. Lakini jozi mbili zikizungukana kwa muda unaokaribiana, kila uimegapo moja wamega na ya jirani, na daftari huweza kujaa nyota ambazo Mola hakuziumba.

Dawa ilitoka kwa watu wa takwimu. Peter Green alikwisha onyesha, mwaka 1995, namna ya kukadiria si sifa za vitu tu bali na idadi yake pia, ikiongezwa au kupunguzwa kwa kadiri ushahidi unavyoamuru. Na kwa rai yangu hapo ndipo fundo lilipofunguka, kwa kuwa sasa jozi zote hukadiriwa pamoja, pasiwe na iliyotangulia. Tangu 2006 wataalamu hutegeana mafumbo ya data za kubuni, mmoja akificha nyota ndani ya kelele, wenziwe wakazitafuta, ndipo siri ikatolewa. Yatarajiwa kupambanuliwa jozi elfu kumi au zaidi. Zilizosalia zitabaki uvumi.

Safari imepangiwa mwaka 2035. Miongoni mwa jozi zinazongojewa imo HM Cancri, ambayo darubini zimekwisha kuiona ikizungukana kwa dakika 5 na ushei. Hiyo isiposikika, kasoro itafutwe katika chombo au katika hesabu.