Jiwe Lililochongwa Likiwa Bichi

Magofu ya pwani yetu, kuanzia Shanga katika kisiwa cha Pate hadi Kilwa na Songo Mnara, husifiwa kwa ugumu: kuta zilizostahimili mvua na chumvi kwa mamia ya miaka. Sifa hiyo ni ya kweli lakini inatupoteza njia. Kilichowawezesha waashi wa Kiswahili kuchonga miimo ya milango, mihrabu na maandishi tunayoyaona leo ni ulaini. Tumbawe la jamii ya poritesi, likikatwa baharini lingali hai, hutoka limelowa na linachongeka kwa tezo na patasi. Likishapigwa na hewa hukauka na kukaza. Mawe ya nchi kavu, yaani matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, hayana tabia hiyo. Hayo hupasuliwa vipande vipande na kushindiliwa ukutani kwa chokaa. Ulaini huo wa muda mfupi, kwa maoni yangu, unatueleza kwa uhakika zaidi nani aliyejenga miji hii kuliko hadithi nyingi za asili za watawala.

Jiwe bichi halimngoji mtu. Mkataji hulifuata maji yakipwa, kwenye kina kifupi, na likishatolewa mchongaji anapaswa kulianza mapema. Tazama mwimo wa mlango wa Songo Mnara au wa magofu ya Gedi: kingo zimenyooka, pembe ni kali, ngazi za ukingo zinarudi ndani moja baada ya nyingine, na kipande cha chini kinaoana na cha juu. Kazi ya namna hiyo haiwezekani kama fundi hana vipimo vya mlango mzima kabla jiwe halijatoka majini. Mkataji, mchukuzi, mchongaji na mwashi walifanya kazi ya mfululizo mmoja, karibu na bahari, na kwa ujuzi wa maji ya bamvua na wa mwamba wa mahali pale. Hawa ni watu wakaazi.

Mpinzani ataleta Kizimkazi. Msikiti wa Dimbani, kusini mwa Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 Hijria, ambao ni 1107 Miladia, na wataalamu wameyafananisha na kazi za Siraf, bandari ya Uajemi. Ufanano huo sioni sababu ya kuukataa. Lakini herufi zile zimechongwa kwenye tumbawe, na mtindo husafiri kirahisi, katika kumbukumbu ya fundi au katika kitu kidogo cha kuiga, ilhali jiwe bichi likipakiwa jahazini lingefika limekwisha kukauka. Hata kama mwalimu wa kwanza wa herufi zile alikuwa mgeni, mkono wake ulilazimika kujifunza jiwe la hapa. Hoja iliyo nzito zaidi ni ya Bahari ya Shamu, ambako watu nao walijenga kwa matumbawe tangu zamani, kwa hiyo huenda wazo lenyewe lilishuka kutoka kaskazini. Huenda. Ila uchimbaji wa mwanaakiolojia Mark Horton huko Shanga katika miaka ya 1980 ulionyesha misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali palepale: ya kwanza, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo, na baadaye tu ndipo matumbawe yaliyochongwa yakachukua nafasi, yakiwa bado yameunganishwa kwa udongo. Mbinu ngeni, kama ilikuwa ngeni, iliingia katika jengo ambalo tayari lilikuwa na wenyewe.

Wengine watamtaja msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuandika kwamba majengo yake yalikuwa ya mbao. Kwao huo ni ushahidi kwamba mawe yalikuwa pambo la wachache. Kwa idadi ya nyumba wana haki, na mji uliojaa nyumba za miti na udongo si aibu ya kufichwa. Lakini zama hizohizo ndizo za jumba la mawe la Husuni Kubwa na za kupanuliwa kwa Msikiti Mkuu wa Kilwa. Mbao na tumbawe vilikaa pamoja, na naona ndivyo ilivyofaa: fundi aliyezoea kuchonga mti kwa tezo alikuta katika jiwe bichi kitu ambacho zana yake inakiweza. Mbao zimeoza, kwa hiyo nakshi zake hatuwezi kuzilinganisha, lakini anayetenganisha ufundi wa mti na wa jiwe inampasa aeleze ule wa pili uliota wapi.

Hata dai kwamba sanaa hii ilikufa baada ya Wareno kuiteka Kilwa mwaka 1505 halisimami likipimwa kwa ulaini. Kuchonga kulihamia zaidi kwenye chokaa, nayo hupatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya magogo. Dalili zilikuwepo mapema: kaburi la Gedi lenye mwaka 802 Hijria, yaani 1399, limeandikwa kwenye lipu. Kufikia karne ya 18, nyumba za Lamu, Pate na Siyu zilikuwa na zidaka safu kwa safu katika ukuta wa chumba cha ndani, na nakshi zake zilikatwa kwenye chokaa kabla haijakaza.