Kijana Aliyesoma Nyumbani na Mlango wa Chuo

Hapa Tosamaganga watu wamezoea shule tangu siku za babu zao. Mapadre Wabenediktini walitangulia kabla ya Vita Kuu ya kwanza, kisha wakaja Wakonsolata, na elimu ikatia mizizi. Kwa sababu hiyo twadhani upesi kwamba asiyeketi darasani hana elimu. Hata sisi walimu twakosa. Mama mmoja alitujia na mwanawe, aliyesomea nyumbani miaka mitatu kwa ajili ya ugonjwa, akauliza kama kijana huyo aweza kuingia chuo. Tukamjibu kwa haraka, “Haiwezekani, mama.” Walipokwisha kwenda, moyo ukatuuma, tukafungua vitabu vya historia. Nayo historia ikatushtaki.

Twasoma habari za Barack Obama, Mjaluo wa Kenya, baba wa yule aliyechaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008. Alisoma Maseno, akatoka bila kumaliza, akawa karani mjini Nairobi. Alifanya kazi katika ofisi ya kufundisha watu wazima kusoma, chini ya mwalimu wa Kimarekani, Bibi Elizabeth Mooney, akatunga vitabu vidogo vya Kijaluo kwa ajili ya wasomaji wapya. Bibi Mooney akaitambua akili yake. Basi yeye na mwenzake, Bibi Helen Roberts, wakaazimu kumsaidia.

Msaada wao ulikuwa wa namna gani? Kwanza, walimpatia masomo kwa njia ya posta, ajazie yale aliyoyakosa shuleni. Pili, akafanya mtihani, maana chuo hakiwezi kuona akili ya mtu asiyeonyesha ushahidi. Tatu, akaandikia vyuo vingi vya Marekani, wala hakutegemea kimoja. Nne, Bibi Mooney akatoa fedha zake mwenyewe kwa karo. Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali, akafika huko mwaka 1959, Mwafrika wa kwanza kusoma hapo. Mwaka 1962 akapata digrii, akaendelea na masomo Harvard. Hatusemi kwamba maisha yake yote yalikuwa ya kuigwa, maana jamaa zake waliteseka kwa kuachwa. Twasema tu kwamba mlango ulifunguka.

Wala si yeye peke yake. Tom Mboya aliondoka shule ya Mang'u kwa kukosa karo, akajisomea kwa posta huku akifanya kazi, na mwaka 1955 akaingia Chuo cha Ruskin, Oxford. Aliyesaidiwa naye akasaidia: Septemba 1959, kwa juhudi zake na za rafiki zake wa Marekani, wanafunzi 81 walipanda eropleni kwenda vyuoni huko.

Mtu atasema, “Hayo ni ya Kenya, tena ya zamani.” La, hata kwetu Tanzania njia ipo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa mwaka 1975, nayo huwafundisha walio nje ya shule. Asiyepita sekondari aweza kufanya Mtihani wa Maarifa wa Baraza la Mitihani. Akifaulu, hufanya mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria nacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kuwafikia wasioweza kukaa chuoni.

Basi tulirudi kwa yule mama, tukamwomba radhi. Tuliketi na kijana chini ya mparachichi, tukayakagua madaftari yake moja moja. Hesabu yake ilikuwa njema kuliko ya wengi wa darasa letu; Kiingereza chake kilihitaji kazi. Sasa huja kwetu kila Jumamosi, akijiandaa kwa Mtihani wa Maarifa.

Ndugu walimu, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Siku ile sisi ndio tuliokataa kuinama. Akija kwako kijana wa namna hiyo, usimwulize kwanza alikaa darasa gani. Mwulize amejifunza nini, kisha umsaidie kukithibitisha.