Saa Isiyojua Wakati

Juma hili tunaendelea na masomo yetu ya historia ya ufundi, na habari ya leo ni ya saa. Si saa ya kutia ufunguo, wala si saa ya betri. Ni ile saa ya ukutani au ya mezani yenye waya wa kuchomeka katika umeme wa nyumba, ambayo ndani yake hamna kitu chochote kinachojua wakati. Maneno hayo ya mwisho huenda yakawashangaza, lakini sikilizeni.

Kwanza yafaa tufahamu jambo moja juu ya umeme wenyewe. Umeme unaoletwa nyumbani kwa waya hauendi upande mmoja kama maji ya mfereji. Huenda mbele na kurudi nyuma, mbele na nyuma, kama msumeno wa mtu anayepasua mbao. Kwenda na kurudi mara moja huitwa mzunguko mmoja. Katika Afrika Mashariki, na vile vile Ulaya, umeme hufanya mizunguko 50 katika kila sekunde. Huko Marekani hufanya mizunguko 60. Mwalimu, tafadhali andika namba hizo mbili ubaoni, maana tutazihitaji.

Mwendo huo hutoka katika mashine kubwa za kituo cha umeme. Mashine hizo huzungushwa kwa nguvu za maji, au za mvuke, au za gesi. Zikizunguka upesi, mizunguko ya umeme huongezeka. Zikizunguka polepole, hupungua. Jioni watu wakiwasha taa zao kwa pamoja, mashine hulemewa kama punda aliyeongezwa gunia. Mwendo hupungua kidogo, mpaka mitambo iongezewe mvuke au maji.

Sasa twende Marekani, katika jimbo la Massachusetts. Alikuwako mhandisi mmoja aliyeitwa Henry Warren. Alizaliwa mwaka 1872, akasoma mambo ya umeme, akamaliza chuo mwaka 1894. Katika mwaka 1912 alianza kazi ya kutengeneza saa katika mji mdogo wa Ashland. Saa zake za kwanza zilikwenda kwa betri, na betri za siku zile zilikuwa na taabu nyingi, maana kila zilivyochakaa ndivyo saa ilivyoharibika mwendo.

Basi Bwana Warren akafikiri hivi. Katika nyumba za watu umekwisha kuingia umeme, nao huenda na kurudi mara 60 kwa sekunde. Nikifanya mota ndogo ambayo haiwezi kwenda upesi kuliko umeme huo wala polepole kuliko huo, mota hiyo itazunguka mara 60 kwa sekunde, yaani mara 3,600 kwa dakika. Kisha nitaweka magurudumu yenye meno, moja dogo likizungusha jingine kubwa, mpaka mwendo upunguzwe mara 3,600. Hapo mkono wa sekunde utazunguka mara moja kwa dakika. Betri haitakiwi, wala ufunguo.

Mota za namna hiyo zilikuwa zimekwisha kujulikana, ila zilikuwa na kasoro moja kubwa. Hazikuweza kuanza kwenda zenyewe. Ilibidi mtu azisukume kwanza. Warren alipata njia ya kuifanya mota ndogo ianze yenyewe mara iwashwapo. Aliweka pete za shaba juu ya sehemu ya sumaku, nazo zikaichelewesha nguvu ya sumaku upande mmoja, hata chuma cha katikati kikavutwa na kuanza kuzunguka. Ni jambo dogo la kitaalamu, lakini bila hilo habari yetu isingekuwako.

Akaichomeka saa yake katika umeme wa mji. Saa haikwenda sawa hata kidogo. Ikakosea dakika nyingi katika siku moja.

Mtu mwingine angalidhani kwamba mota yake ni mbovu, akaifungua na kuihesabu meno upya. Warren alitambua kwamba mota ilikuwa ikitii amri vizuri kabisa, na kwamba kosa lilikuwa katika amri yenyewe. Kituo cha umeme kilisema kinatoa mizunguko 60, lakini hakikuwa kikitoa 60. Siku moja hutoa zaidi kidogo, siku nyingine pungufu. Mafundi wa kituo walikuwa na kipimo cha kuwaonyesha mizunguko, lakini kosa dogo ambalo jicho haliwezi kuliona katika kipimo hukusanyika saa baada ya saa, kama senti moja inayoibwa dukani kila siku. Kwa taa haikuwa na neno. Taa haijali kama mizunguko ni 60 au 59.

Basi ikawa lazima Warren atengeneze saa ya pili, na hii ya pili haikuwa ya kuuza kwa watu wa nyumbani bali ya kuwekwa katika kituo chenyewe. Saa hiyo ilikuwa na mikono miwili, mmoja mweusi na mmoja wa rangi ya dhahabu. Mkono mmoja uliendeshwa na saa nzuri yenye uzito unaobembea, iliyosahihishwa kwa wakati wa kweli. Mkono wa pili uliendeshwa na umeme wa kituo. Mikono ikienda pamoja, umeme ni sawa. Ukionekana mkono wa umeme umebaki nyuma, fundi huongeza mvuke kidogo mpaka mikono ikutane tena. Tarehe 23 Oktoba, 1916, saa ya namna hiyo iliwekwa katika kituo cha L Street cha kampuni ya umeme ya Boston.

Angalieni vizuri maana ya jambo hilo. Fundi hakuambiwa tu asikosee mwendo. Aliambiwa alipe kosa lake. Umeme ukichelewa kwa sekunde kumi wakati wa jioni, yeye atauharakisha usiku, wakati watu wamelala na mashine hazina mzigo mzito, mpaka zile sekunde kumi zirudi. Kwa hiyo mizunguko ya siku nzima hutimia hesabu yake, na kila saa iliyochomekwa mjini husahihishwa bila ya mtu kuigusa.

Kampuni za umeme zilipata faida gani? Saa moja hula umeme kidogo sana, kama wati mbili, lakini huula mchana na usiku, mwaka mzima. Na iko faida kubwa kuliko hiyo. Vituo viwili vikitaka kuunganisha nyaya zao visaidiane, ni sharti mashine zao zizunguke kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua, kama askari katika gwaride. Hata huku kwetu jambo hili limejulikana tangu zamani: kituo cha Owen Falls kule Jinja kilifunguliwa mwaka 1954, na kilipoanza kupeleka umeme Kenya katika miaka ile ile ya 1950, mashine za Uganda na za Kenya zilibidi kwenda kwa hatua moja.

Saa za Warren zilienea sana, zikauzwa kwa jina la Telechron. Lakini alipata mshindani, naye ni Laurens Hammond wa Chicago, aliyeanza kuuza saa zake mwaka 1928. Saa za Hammond hazikuanza zenyewe. Umeme ukikatika na kurudi, saa hubaki imesimama mpaka mwenyewe aizungushe kidude cha nyuma. Watu waliona ni usumbufu. Mimi naona ilikuwa na uaminifu wake. Saa inayosimama haimdanganyi mtu, lakini saa ya Warren, umeme ukikatika kwa dakika ishirini, huanza tena kwa furaha na kuonyesha wakati wa uongo siku zote. Warren mwenyewe aliliona jambo hili, akaweka alama nyekundu katika uso wa saa, itokee kila umeme ulipokatika. (Hammond huyu ndiye yule wa kinanda. Mota yake ya saa aliitia katika kinanda cha umeme, kikaanza kuuzwa mwaka 1935, na ndiyo maana sauti ya kinanda kile hupanda na kushuka umeme wa mji ukibadilika mwendo.)

Tena haikuwa saa peke yake. Televisheni ya BBC ilipoanza huko London mwaka 1936, picha yake ilichorwa kwa mistari 405, nayo ilipitiwa mara 50 kwa sekunde, sawasawa na umeme wa Uingereza. Ilibidi uwepo mtambo wa kutoa ishara za mwendo, ili vifaa vyote vianze kila picha kwa pamoja, na mtambo huo ulifungamanishwa na mizunguko ya umeme. Vinginevyo kivuli cha umeme kingetambaa juu ya picha na kuwaudhi watazamaji.

Sasa tuyatazame mambo ya siku zetu. Kazi ya magurudumu ya Warren leo hufanywa na kijiwe kidogo cha kompyuta kiitwacho maikrokontrola, ambacho chaweza kukaa juu ya ukucha. Kijana mwenye maarifa ya redio aweza kujitengenezea mtambo wa ishara za wakati. Hutumia transfoma ndogo kuushusha umeme wa nyumba kutoka volti 230 hadi volti chache, kama 9; wala asijaribu kamwe kuunganisha kijiwe na umeme wa ukutani moja kwa moja, maana umeme huo huua. Kijiwe hutazama umeme ule mdogo, na kila unapopita katikati, kutoka nyuma kwenda mbele, huhesabu moja. Kikifika 50, hutoa ishara: sekunde moja imepita. Kisha huanza tena.

Iko hila moja. Jokofu likiwaka, au fundi wa jirani akichomelea vyuma, waya hupata mshtuko, na kijiwe chaweza kuuhesabu mshtuko huo kana kwamba ni mzunguko. Dawa yake ni kukifundisha kijiwe subira. Mzunguko mmoja huchukua sehemu 20 za elfu za sekunde. Chochote kinachobisha hodi kabla ya sehemu 18 hakifunguliwi mlango.

Mtaniuliza, kwa nini asitumie jiwe la kwazi, lile lililomo katika saa za mkononi? Hulitumia pia. Jiwe la bei rahisi hukosea, tuseme, sehemu 20 katika milioni. Hesabuni: katika siku moja ni karibu sekunde 1 na robo tatu, na katika mwaka zaidi ya dakika 10, wala hapana mtu anayelirudisha. Umeme nao hutangatanga kila dakika, lakini pale ambapo kituo hulipa makosa yake, mwisho wa mwezi hurudi mahali pake. Kwa hiyo fundi hodari huviweka vyote viwili: jiwe la kushika mwendo umeme ukikatika, na umeme wa kulisahihisha jiwe siku hata siku.

Na kituo kisipolipa? Jambo hilo lilitokea Ulaya mwaka 2018. Nchi 25 zilizounganisha nyaya zao, kutoka Hispania hata Uturuki, zilianza kuona katikati ya Januari kwamba saa za majiko na za redio zinachelewa. Mizunguko ilikuwa 49.996 badala ya 50. Ni upungufu mdogo mno, lakini katika siku moja saa hupoteza karibu sekunde 7, na mwanzoni mwa Machi zilikuwa zimechelewa karibu dakika sita. Sababu yake haikuwa mashine mbovu. Serbia na Kosovo zilikuwa na ugomvi wa kisiasa. Kosovo ilitumia umeme kuliko ulioutengeneza, na Serbia, iliyotakiwa kufidia upungufu wa eneo lile, haikufidia. Umeme uliokosekana ulifika gigawati-saa 113. Mtu wa Paris au Berlin aliyekosa basi asubuhi alikuwa, bila kujua, akilipa sehemu ya deni la watu asiowafahamu. Umeme uliokosekana ulipofidiwa, mashine ziliendeshwa kwa haraka kidogo, na mwanzoni mwa Aprili saa zote zikawa zimerudi katika wakati wake. Hakuna aliyezigusa.

Sasa chukueni daftari zenu. Hesabu ya kwanza: umeme wa mji ukienda mizunguko 49 kwa sekunde kwa muda wa saa moja kamili, saa ya ukutani itakuwa imechelewa sekunde ngapi? Hesabu ya pili: mota ya Warren ikichomekwa katika umeme wa kwetu wa mizunguko 50, na magurudumu yake ya Marekani yasibadilishwe, mkono wa dakika utachukua dakika ngapi za kweli kumaliza mzunguko mmoja? Fanyeni wawili wawili, na mwalimu asiwaambie jibu kabla hamjajaribu.