Raia wapya wa Iringa: wenyeji na wageni walianza pamoja

Mwaka 1958 mpiga kura wa Nyanda za Juu Kusini hakuruhusiwa kuchagua mtu mmoja tu. Serikali ya kikoloni ilimtaka apige kura tatu kwa mpigo: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu, moja kwa Mwasia. Akiacha nafasi moja wazi, karatasi yake nzima imeharibika. Na kabla hajaishika karatasi hiyo alitakiwa awe na kipato kisichopungua pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya kutosha, au cheo kinachotambuliwa. Mkulima wa kawaida wa Kalenga au Kilolo hakuwamo.

Chama cha TANU, kilichodai uhuru, nusura kisusie uchaguzi huo. Katika mkutano wa Tabora, Januari 1958, Julius Nyerere aliwashawishi wajumbe waingie ulingoni, chama kiwaunge mkono hata wagombea wasio Waafrika. Huku kusini aliyefaidika ni Marion Chesham, mwanamke mzaliwa wa Marekani aliyekuwa mlowezi katika nyanda hizi. Aliingia Baraza la Kutunga Sheria kwa kiti cha Wazungu, lakini kwa nguvu ya TANU. Nchi ilipopata uhuru alichagua kuwa raia wa Tanganyika na kuendelea kuitumikia bungeni.

Kisa cha Chesham kinaeleweka vizuri ukiitazama Iringa ya siku zile. Mji wenyewe ulianza kama ngome ya Wajerumani mwaka 1896, wakati wa vita yao na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Baadaye walikuja Wahindi na Wabaluchi wakafungua maduka, Wagiriki wakalima tumbaku, Waingereza wakapanda chai Mufindi, na wamisionari wa Kiitaliano wakajikita Tosamaganga. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Ifunda palikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi waliofika kwa kupitia Urusi na Uajemi. Vita vilipokwisha wengi wao walihamia nchi nyingine, wakaacha makaburi. Lakini wale wa madukani na mashambani walikuwa bado wapo bendera ya Uingereza ilipokaribia kushushwa. Wangeitwa nani?

Swali hilo lilifika bungeni Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru. Muswada wa uraia haukutaja rangi ya mtu, na baadhi ya wabunge waliupinga vikali. Walitaka Mwafrika atambuliwe kwanza, wengine wasubiri. Nyerere, akiwa Waziri Mkuu, alikataa katakata. Alisema uraia utategemea utii wa mtu kwa nchi, na taifa linaloanza kupanga watu kwa rangi limeshika njia ile ile ya wabaguzi waliotangulia. Akaongeza kuwa muswada ukikwama, serikali yake itajiuzulu. Muswada ukapita.

Kwa mujibu wa sheria hiyo, mtu aliyezaliwa Tanganyika na mwenye walau mzazi mmoja aliyezaliwa humo alikuwa raia moja kwa moja ilipofika tarehe 9 Desemba 1961, mradi alikuwa chini ya Uingereza hadi siku hiyo. Aliyezaliwa hapa kwa wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili ajiandikishe na kuachana na uraia mwingine. Katika familia za wafanyabiashara miaka hiyo miwili ilikuwa mizito. Kaka aliweza kuwa raia na mdogo wake akabaki na pasipoti ya Uingereza.

Hata hivyo, wenyeji nao walikuwa raia wapya. Hadi usiku wa kuamkia uhuru, Mhehe, Mbena na Mkinga walihesabiwa kuwa watu walio chini ya ulinzi wa Uingereza. Walilipa kodi na kutii amri, ila hawakuwa na nchi ambayo sheria iliwatambua kuwa raia wake. Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa Mkwawa, ndiye aliyepokea fuvu la babu yake kutoka kwa Twining, Gavana wa Kiingereza, pale Kalenga mwaka 1954. Miaka minane baadaye alikuwa Spika wa Bunge. Serikali ilifuta mamlaka ya machifu, naye akabaki akiongoza mijadala ya watu waliokuwa sawa naye mbele ya sheria.

Usawa huo ulijaribiwa mapema. Januari 1964 Nyerere alitoa waraka uliokomesha upendeleo kwa Waafrika katika ajira serikalini: kuanzia hapo kilichoangaliwa ni kama mtu ni raia. Vyama vya wafanyakazi vilinung'unika, na kabla mwezi haujaisha wanajeshi waliasi, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha iliwagusa zaidi Waasia, wakiwamo waliokuwa wameshaapa utii. Haki za binadamu hazikuingizwa kwenye Katiba kama sehemu inayojitegemea hadi mwaka 1984.

Leo anayeomba uraia wa tajnisi anafuata sheria ya uraia ya mwaka 1995. Anatakiwa awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka saba katika kumi iliyotangulia hapo. Ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, awe na mchango kwa taifa. Hutangaza ombi lake gazetini ili mwenye pingamizi aseme. Akikubaliwa, hula kiapo na kuukana uraia wa awali. Sheria ina kasoro pia: mwanamke wa kigeni aliyeolewa na Mtanzania ana njia nyepesi, lakini mume wa kigeni wa Mtanzania hana.

Tukio kubwa zaidi la aina hii lilikuwa Oktoba 2014, Warundi zaidi ya 162,000, wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao, walipothibitishiwa uraia. Awali serikali ilitaka kwanza wahame makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, watawanywe mikoani. Mpango huo uliachwa; raia ana haki ya kuishi atakako nchini.

Wajibu wao ni ule ule wa aliyezaliwa Ipogolo, hapa Iringa. Ibara za 25 hadi 28 za Katiba zinadai kazi halali, utii kwa sheria, ulinzi wa mali ya umma na ulinzi wa nchi. Wazee wamelisema hilo la kazi siku nyingi: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Lakini ibara ya 26 inakwenda mbali zaidi ya utii. Inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuitetea Katiba yenyewe, na anayeitumia haki hiyo haulizwi babu yake alizikwa wapi.