Ziwa la matajiri juu ya mji wa wafanyakazi: baraji ya South Fork, 1889

Ijumaa tarehe 31 mwezi wa tano mwaka 1889, saa kumi na dakika saba alasiri, maji yaliingia kwa kishindo katika mji wa Johnstown, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Watu 2,209 walikufa. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha, ndiyo, lakini si mvua peke yake iliyoua. Maji yale yalitoka katika ziwa la starehe, mali ya klabu ya watu binafsi, lililokuwa limezuiwa na baraji ya udongo umbali wa kilometa 23 juu ya mji.

Historia hii inastahili kusikilizwa na kila anayeishi bondeni, maana wakaaji wa Johnstown waliijua ile baraji, waliiogopa, na waliuliza habari zake miaka mingi kabla ya siku ya maafa. Tatizo ni kwamba aliyeulizwa ndiye alikuwa mwenye mali, na hapakuwa na mtu wa kumlazimisha.

Baraji haikujengwa kwa ajili ya starehe. Jimbo la Pennsylvania lilianza kuijenga mwaka 1838 ili maji yake yalishe mfereji wa mashua za mizigo wakati wa kiangazi. Kazi ilikwenda polepole, ikaisha mwanzoni mwa miaka ya 1850. Wakati huo huo reli ikafika, na mfereji ukakosa kazi. Mwaka 1857 kampuni ya reli ikanunua vyote, lakini baraji haikuwa na faida kwake, ikaachwa bila mtunzaji. Mwaka 1862 sehemu yake ilibomoka. Bahati nzuri ziwa lilikuwa na maji machache, madhara yakawa madogo.

Baadaye mnunuzi mwingine akaipata. Huyu aliondoa mabomba matano ya chuma yaliyokuwa chini kabisa ya ukuta, akayauza kama chuma chakavu. Mabomba hayo ndiyo yaliyokuwa yanaruhusu kupunguza maji ya ziwa pale ukuta unapohitaji kutengenezwa, au mvua inapozidi. Hayakurudishwa tena.

Mwaka 1879 mfanyabiashara Benjamin Ruff alinunua mahali pale na kuanzisha Klabu ya Uvuvi na Uwindaji ya South Fork. Wanachama walikuwa 60 hivi, wengi wao matajiri wa mji wa Pittsburgh. Kati yao kulikuwa na Henry Clay Frick, Andrew Mellon na Andrew Carnegie, bwana wa viwanda vya chuma. Walijenga nyumba kubwa yenye vyumba 47, wakaleta samaki na mashua za kutembelea ziwani. Ziwa lilikuwa na urefu wa kilometa 3 hivi.

Ukuta ulikuwa na kimo cha metre 22 na urefu wa metre 280 na zaidi. Klabu iliziba sehemu iliyobomoka kwa udongo, mawe, matawi ya miti, nyasi kavu, na hata samadi ya farasi. Kisha ikapunguza kimo cha ukuta ili magari ya farasi yaweze kupishana juu yake. Na pale pembeni, kwenye njia ya kupitishia maji ya ziada, ikaweka nyavu za chuma ili samaki walionunuliwa kwa bei wasitoroke. Kila jambo lilikuwa na sababu yake ndogo. Barabara ilikuwa nzuri, samaki walibaki, pesa haikupotea. Lakini ukiyaweka pamoja, baraji ilikuwa imefungwa mdomo na kukatwa kichwa.

Chini bondeni, watu 30,000 hivi waliishi Johnstown na vijiji jirani. Wengi walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Cambria, na wengi kati yao walikuwa wamehamia kutoka Ujerumani, Wales na Ireland. Mkuu wa kiwanda, Daniel Morrell, alipata wasiwasi. Mwaka 1880 alimtuma injinia wake, John Fulton, kwenda kukagua. Fulton alirudi na habari mbili: hakuna njia ya kupunguza maji ya ziwa, na matengenezo hayakufanywa inavyopasa. Morrell akajitolea hata kuchangia pesa ili ukuta urekebishwe. Ruff akakataa, akamjibu kwamba watu wa bondeni hawana hatari yoyote kutokana na shughuli za klabu. Mambo yakaishia hapo. Ruff na Morrell wote walikufa kabla ya mwaka 1889.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31, mvua ilinyesha kwa nguvu isiyo ya kawaida. Asubuhi Elias Unger, msimamizi wa klabu, aliona maji yamekaribia kilele cha ukuta. Aliita wafanyakazi waongeze udongo juu na kuchimba njia nyingine ya maji pembeni. Walijaribu pia kuondoa zile nyavu, lakini zilikuwa zimekwama kwa miti na takataka. Injinia kijana, John Parke, alipanda farasi kwenda kijiji cha South Fork ili onyo lipelekwe kwa telegrafu.

Onyo lilitumwa zaidi ya mara moja. Lakini waya za telegrafu zilikuwa zimekatika sehemu nyingi, na wachache waliopata habari hawakuitilia maanani. Kila mwaka, mvua ikinyesha, ilisemwa kwamba baraji inavunjika, na haikuvunjika. Watu walikuwa wamezoea. Tena, barabara za mji zilikuwa tayari zimejaa maji ya mto, na familia nyingi zilikuwa zimepanda ghorofani zikidhani ubaya umeshafika.

Kitu kama saa tisa alasiri, maji yalipita juu ya ukuta na kuubomoa katikati. Ziwa lote likamiminika. Njiani lilibeba miti, nyumba, madaraja, mabehewa na injini za treni. Dereva mmoja wa treni, John Hess, alifunga kamba ya honi ili isinyamaze, akarudisha injini nyuma kwa mwendo wa kasi kuelekea East Conemaugh. Waliosikia honi ile walikimbilia mlimani. Kwa wengi ndilo onyo pekee walilopata. Kule Woodvale, kijiji cha watu 1,100 hivi, walikufa 314.

Johnstown iliharibiwa kwa dakika kumi hivi. Mabaki yalikwama kwenye daraja la mawe la reli, yakashika moto, na watu wasiopungua 80 walioponea maji wakafia hapo. Familia 99 ziliisha zote. Watoto 396 wenye umri wa miaka 10 au chini yake walikufa. Wanawake 124 wakabaki wajane, na wanaume 198 wakapoteza wake zao. Maiti 777 hazikutambuliwa na mtu, zikazikwa pamoja katika makaburi ya Grandview.

Waliobaki wakawa wahami katika mji wao wenyewe. Msaada ulikuja kutoka sehemu zote za Marekani na nchi nyingine. Clara Barton, mwanzilishi wa Msalaba Mwekundu wa Marekani, alifika siku chache baadaye akiwa na umri wa miaka 67, akakaa miezi mitano. Shirika lake lilijenga nyumba kubwa za mbao za kuwapa hifadhi waliopoteza makao.

Na klabu? Ilituma mablanketi 1,000. Baadhi ya wanachama walitoa pesa, na Carnegie alijenga maktaba mpya ya mji. Lakini hakuna hata mtu mmoja aliyelipwa fidia kwa hukumu ya mahakama. Mawakili walisema ni kazi ya Mungu, na klabu yenyewe haikuwa na mali nyingi zaidi ya majengo. Tume ya mainjinia ilitoa ripoti mwaka 1891 ikisema baraji ingepitwa na maji hata kama ingeachwa ilivyojengwa. Zaidi ya miaka 100 baadaye, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh walipima upya wakapinga: kupunguza kimo cha ukuta kulipunguza sana uwezo wa baraji wa kupitisha maji.

Hasira ya raia ilisaidia kubadilisha sheria. Kule Uingereza, tangu mwaka 1868, mahakama ilikuwa imeamua kwamba anayekusanya kitu cha hatari kwenye ardhi yake, yakiwemo maji, atalipa kikitoroka na kuharibu cha jirani, hata kama hakufanya uzembe. Baada ya Johnstown, mahakama nyingi za Marekani zilianza kuifuata kanuni hiyo.

Jambo hili halikubaki la zamani wala la Marekani. Tarehe 9 mwezi wa tano 2018, huko Solai, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, baraji ya udongo ya shamba la mtu binafsi ilipasuka usiku wakati wa mvua. Watu zaidi ya 40 walikufa. Pale maji yalikuwa ya shamba, si ya starehe, lakini waliolala chini ya ukuta hawakuwa wenye maji.

Kwa hiyo mahali popote palipo na ukuta wa udongo juu ya makao ya watu, liwe bwawa la samaki au la kumwagilia, maswali ya Fulton bado yanafaa. Maji ya ziada yanapita wapi? Njia hiyo iko wazi leo? Maji yanaweza kupunguzwa kabla ya mvua? Nani anakagua, na nani ataonya usiku? Chifu, wakuu wa kartiye na kamati za wahami wana haki ya kuyauliza kabla ya masika, na jibu la mwenye mali peke yake halitoshi.

Kule South Fork ncha mbili za ukuta bado zimesimama, na tangu mwaka 1964 mahali hapo panalindwa na serikali ya Marekani kama kumbukumbu ya taifa. Katikati ya ncha hizo, pale palipobomoka, kijito kidogo kinapita.